Moshi Nyuma ya Mwamba

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama mdogo haijaanza kelele zake, Twiga alikuwa ameshafagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyolala sakafuni. Chumba cha mbele ndicho mama mdogo alichoshonea nguo za watu, na chumba cha nyuma ndimo walimolala. Twiga alifagia, akaokota pini moja moja na kuzirudisha kwenye kopo, kisha akafungua droo ya meza ya kukatia. Humo, chini ya utepe wa kupimia, kulikuwa na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi. Alikinusa, akafunga droo haraka.

"Nimekuona," alisema mama mdogo, huku akitia uzi kwenye sindano. "Wenzako sabuni wanaogea, wewe unainusa kama ugoro."

"Nainusa kidogo tu, mama mdogo."

"Endelea kunusa. Siku moja utapiga chafya, povu litoke puani!"

Twiga alicheka, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali. Sabuni ile ilitoka kiwandani alikofanya kazi mama yake, upande wa pili wa milima. Mama hakuwa akitengeneza sabuni. Kazi yake ilikuwa kulilinda tanuri kubwa linalochemsha maji na kusukuma mvuke kwenye mitambo yote. Siku alipoondoka alimshika Twiga mashavu yote mawili, akamwambia, "Ukiona bomba la kiwanda linatoa moshi, ujue huo ni moto wa mama yako. Ukiwa mweupe, mwepesi, niko salama na kazi inakwenda. Ukiwa mweusi, basi wameniletea kuni mbichi na mama yako amenuna."

Tangu siku hiyo mvua zilikuja zikaisha. Mama aliahidi kuja wakati wa likizo, lakini mwenzake wa zamu akaugua, na tanuri haliachwi peke yake. Kila Jumapili jioni alipiga simu. Twiga aliisubiri simu hiyo wiki nzima, lakini sauti haishikiki. Unaisikiliza, inakatika, unabaki na simu yenye joto mkononi na chumba kilekile.

Jina la Twiga alipewa na mama mdogo, kwa sababu ya urefu na kwa sababu ya shingo. Hakukuwa na ukuta asiouchungulia wala dirisha lililompita. Likipita gari la abiria barabarani, shingo ilikuwa imeshafika kabla ya miguu. Mama mdogo alijua anamtafuta nani, lakini hakulisema hilo. Alitania tu.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria jinsi moyo ulivyomwenda mbio siku mwalimu wa michezo alipotangaza kwamba darasa litakwenda kufundishwa kupanda mwamba kwa kamba.

"Huko juu kunaonekana nini?" aliuliza Kibiriti, rafiki yake Twiga aliyekaa naye dawati moja. Kibiriti alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa kuwaka akichokozwa.

"Bonde lote la upande wa pili," alijibu mwalimu. "Mto, barabara, na siku ikiwa haina ukungu, hata bomba la kiwanda cha sabuni."

Darasa lilishangilia. Twiga peke yake alikamata kingo za dawati. Ataliona bomba. Atauona moshi. Atauona moto wa mama yake kwa macho yake mwenyewe, si kwa kuhadithiwa. Tangu hapo hakuwaza kitu kingine. Mama mdogo alimshonea suruali ya kitambaa kigumu, akaongeza viraka magotini, akamwambia, "Panda, uone, urudi mzima. Kwa mpangilio huohuo."

Jumamosi asubuhi basi la shule liliwashusha chini ya mwamba. Lo! Kumbe kuusikia mwamba ni jambo moja na kusimama mbele yake ni jambo jingine kabisa. Ulisimama wima, na ukiutazama hadi juu unahisi kofia inataka kuanguka hata kama hujavaa. Waliokuwa wakijigamba ndani ya basi waliishiwa maneno. Mvulana mmoja wa darasa lao, maarufu kwa jina la Domo, alikuwa ameapa njia nzima kwamba atapanda kwa mkono mmoja. Sasa aliuliza kwa upole choo kiko wapi.

Mwongozaji wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na viganja vilivyojaa sugu. Wote walimwita Kocha.

"Shikamoo, Kocha!"

"Marahaba. Nani anaogopa?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Waongo wote," alisema Kocha. "Mimi nimepanda tangu usichana wangu, na mpaka leo nikifungwa kamba tumbo linanicheza. Anayeogopa hukagua fundo lake. Asiyeogopa hata kidogo namrudisha kwenye basi akamlinde dereva."

Watoto walicheka, na kucheka kukawalegeza. Kocha aliwavalisha kofia ngumu na mikanda inayozunguka kiuno na mapaja. Kisha akawaonyesha kamba. Ilitoka kiunoni mwa mpandaji, ikaenda hadi kileleni kwenye pete za chuma, ikazunguka na kurudi chini kwa mshika kamba. Mshika kamba alivaa kiunoni kichuma kinachofanya kazi ya breki. Mwenzake akipanda, yeye alipaswa kuivuta kamba isilegee. Mwenzake akiteleza, alipaswa kuibana.

"Hapa tunafanya kazi wawili wawili," alisema Kocha. "Kwanza mnakaguana mafundo. Halafu anayepanda anauliza, 'Umenishika?' Mwenzake anajibu, 'Nimekushika.' Sasa sikilizeni vizuri. Ukishasema 'nimekushika,' macho yako si yako tena. Ni ya mwenzako. Nzi akikutua puani, mwache astarehe. Anayeangalia pembeni wakati ameshika roho ya mtu, leo hapandi. Simtukani, simwaibishi, ila hapandi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Kocha!" Twiga aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Kibiriti na Twiga walikuwa wa kwanza kwenye kamba ya kushoto. Kibiriti alipanda kwanza, Twiga akashika kamba. Nyuma ya Twiga alisimama mwalimu wa michezo, ameushika mkia wa kamba kwa akiba, ikitokea la kutokea. Kocha alimwambia, "Mwalimu, wewe kazi yako ni mikono tu. Usiiachie." Mwalimu alikodolea mikono yake macho utadhani kuna mtu anataka kumwibia. Kocha alipohakikisha kila kitu kiko sawa, alihamia kwenye kamba ya kulia kuwaandaa wengine.

"Umenishika?" aliuliza Kibiriti.

"Nimekushika."

Kibiriti alianza kupanda. Alitafuta pa kushika, akatafuta pa kukanyaga, akajivuta. Twiga aliivuta kamba, akabana, akavuta tena. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akaona kitu kwa pembe ya jicho.

Upande wake wa kulia palikuwa na pengo kati ya mwamba ule na jirani yake, na katika pengo hilo kilionekana kipande cha anga ya upande wa pili. Kitu cheupe kilikuwa kikipanda pale, taratibu. Ni wingu? Au ni moshi?

Mara moja tu, moyo ulimwambia. Twiga alinyoosha shingo. Kile kitu kilijificha nyuma ya jiwe, akainyoosha zaidi. Akamwona mama yake kwa macho ya moyo, ameinama mbele ya tanuri, kitambaa kichwani, jasho likimtiririka shingoni, akisukuma kuni ndani. Alimkumbuka mno. Alitamani hata harufu ya moshi kwenye nguo zake. Mikono yake ilisahau kuvuta, na kamba ikalegea mbele yake bila yeye kujua.

"Twigaaa!"

Mguu wa Kibiriti ulikuwa umeteleza. Alishuka vuu, kamba iliyolegea ikamwacha aende, kisha ikakaza kwa kishindo. Twiga alinyanyuliwa hadi vidole vya miguu tu vikabaki kugusa ardhi. Mwalimu aling'ang'ania mkia wa kamba kwa nguvu zake zote. Kibiriti aliyumba, goti likajigonga kwenye mwamba, akabaki akining'inia.

Walimshusha polepole. Suruali ilikuwa imechanika gotini na damu inatoka. Kocha alifika mbio, akamkalisha, akamwosha kidonda kwa maji safi.

"Kunja mguu. Kunjua. Unaumwa kichwa? Nitazame. Vizuri." Alimfunga kitambaa, kisha akainuka na uso uliobadilika. "Ameanguka zaidi ya inavyotakiwa. Kwa nini?"

"Alikuwa na haraka, Kocha," alidakia Domo. "Anapanda utafikiri ameitwa chakula."

"Nani? Mimi?" Kibiriti aliwaka. Lakini mara moto ukamzimika, akainamisha kichwa. "Labda niliharakisha. Labda ni mimi."

Maneno hayo yalimchoma Twiga kuliko kuliona lile goti. Kibiriti, ambaye hajawahi kukubali kosa hata akikutwa nalo mkononi, leo anabeba kosa lisilo lake.

"Au labda kamba yenyewe inavutika?" aliuliza mwalimu.

Kocha aliipapasa kamba yote, akakigeuza kichuma huku na huku. "Sioni kasoro. Lakini simpandishi mtoto wa mtu kwa kamba nisiyojua kilichoisibu. Kama hatujui sababu, kamba hii tunaiteremsha, na leo haitumiki tena."

Miguno ilisikika. Nusu ya darasa walikuwa wakiisubiri kamba hiyohiyo. Domo, pamoja na maneno yake yote, alionekana kutaka kulia.

Twiga alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Mwalimu alikuwa akitazama mikono yake, Kocha alikuwa kamba ya pili, Kibiriti alikuwa ameupa mwamba uso. Akinyamaza, huenda akapata zamu kwenye ile kamba nyingine. Atafika juu. Atauona moshi. Akisema, hapandi, na nani ajue watarudi hapa lini? Alikitazama kilele. Kilikuwa palepale, karibu mno, na nyuma yake tu alikuwa mama. Kisha akatazama kitambaa kwenye goti la Kibiriti. Doa jekundu lilikuwa linaanza kutokeza.

"Kocha," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Kocha, kamba haina kosa. Kibiriti naye hana kosa. Ni mimi. Niliangalia pembeni."

"Uliangalia nini?"

"Moshi."

Mmoja wawili walicheka.

"Nilidhani ni moshi wa kiwandani kwa mama yangu," Twiga aliendelea, na machozi yakaanza kumtoka bila ruhusa. "Ule moto anauwasha yeye. Sijamwona siku nyingi. Nikaona kitu cheupe pale penye pengo, nikaacha kumwangalia Kibiriti. Kamba ikalegea."

Hapakuwa na aliyecheka tena.

"Na ulikuwa moshi?" Kocha aliuliza, si kwa ukali.

"Sijui. Nafikiri lilikuwa wingu."

Kocha alivuta pumzi. "Umesema kweli, na umeiokoa siku ya wenzako. Nakushukuru. Mimi nami nilipaswa kusimama nawe mpaka nikuone umezoea, ndipo nihamie kwingine. Hilo ni kosa langu, sikuachii wewe. Lakini nilichokisema asubuhi nilikisema."

"Najua, Kocha."

"Leo hupandi."

"Ndiyo, Kocha."

Twiga alivua kofia, akaenda kukaa kwenye jiwe mbali kidogo na wengine. Aliuinamisha uso magotini, kwenye viraka vya mama mdogo, akalia. Alilia kwa aibu, na alilia kwa sababu alimtaka mama yake, basi. Alisikia wenzake wakiitana, "Umenishika?" "Nimekushika," na kila mmoja aliyefika juu alipiga kelele za furaha. Domo alipanda kwa mikono yote miwili, akashuka akiwa mpole kama si yeye.

Punde kivuli kikasimama mbele yake. Alikuwa Kibiriti, anachechemea.

"Ulitaka kuniua kwa ajili ya wingu," alisema.

"Nisamehe."

"Nimekasirika."

"Najua."

"Nitakuwa nimekasirika mpaka Jumatatu. Usiniletee maneno kabla ya Jumatatu." Alikaa kando yake. Mabega yao yakagusana. "Kwani hujamwona tangu lini?"

"Tangu mvua hazijaanza."

Kibiriti alikwaruza ardhi kwa kijiti.

Wenzao walipokaribia kumaliza, Kocha alikuja kumtazama Kibiriti. Alilikagua goti na kulibonyeza pembeni, akamrukisha mara kadhaa. "Unaweza, ukitaka. Nani akushikie?"

"Twiga," alisema Kibiriti.

"Wewe umegonga kichwa?" Domo alishangaa.

"Kichwa changu kizima. Nyie wote hamjui inakuwaje mtu akianguka mkononi mwako. Huyu anajua. Leo hata apite tembo amevaa miwani, hageuki."

Kocha alifikiri. Alimtazama Twiga, akamtazama Kibiriti. "Nilisema anayeangalia pembeni hapandi," alisema hatimaye. "Sikusema hashiki. Twiga, njoo. Nami nitasimama begani kwako."

Twiga alivaa kofia. Walikaguana mafundo, safari hii polepole, wakiyagusa kwa vidole.

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Na kweli alimshika. Kibiriti alipanda kwa utaratibu, na kila alipoinuka, kamba iliinuka naye. Twiga hakuona pengo, hakuona wingu, hakuona hata wenzake. Aliona nyayo za viatu vya rafiki yake zikitafuta pa kukanyaga. Pale alipoteleza mwanzo, Kibiriti alisita. Twiga aliikaza kamba kidogo, kumjulisha tu kwamba yupo. Kibiriti akaendelea, mpaka mkono wake ukashika ukingo wa juu.

"Nimefika!"

Wote walishangilia. Kwa kawaida mtu akifika juu anapunga mkono, kisha anashushwa. Lakini Kibiriti alikaa pale kwenye ukingo, kamba ikiwa imekaza, akageuza kichwa.

"Twiga! Kiwanda kiko upande gani?"

Shingo ya Twiga ilitaka kugeuka. Mwili mzima ulitaka kugeuka. Akaizuia. "Ng'ambo ya mto!" alijibu, macho yake yakiwa kwa Kibiriti.

"Mto nimeuona! Naona mabati... mabati mengi. Subiri. Bomba! Naliona bomba!"

"Linatoa moshi?"

"Linatoa!"

Twiga alikaza vidole. "Mweupe au mweusi?"

Kibiriti alikinga macho kwa kiganja, akatazama tena.

"Mweupe!" alipaza sauti Kibiriti. "Mweupe, mwepesi! Unapanda, halafu unapinda kuja upande wetu!"

Machozi yalimjaa Twiga, yakashuka hadi kidevuni. Hakuyafuta. Aliyapepesa tu, mara moja na haraka, apate kumwona mwenzake vizuri. Kocha alivuta ncha ya shati lake akampangusa mashavu, maana mikono ya Twiga ilikuwa na kazi.

"Yuko salama," Twiga alinong'ona. "Mama yuko salama."

"Basi sasa mshushe mtoto wa mwenzio naye afike salama," alisema Kocha. "Taratibu." Na Kibiriti alipokanyaga chini, Kocha alimgusa Twiga begani. "Mwezi ujao nitakuja tena na kundi jingine. Nimeshamwambia mwalimu wako akulete. Mwamba huu haujahama tangu nizaliwe."

Jumapili jioni simu ililia. Mama mdogo alisimamisha cherehani, akajifanya anatafuta pini. Twiga alimsimulia mama yake yote: pengo, wingu, goti, kamba iliyotaka kuteremshwa, na ule moshi mweupe alioambiwa. Hakuficha hata kipande. Kisha akauliza:

"Mama? Umekasirika?"

"Hapana, mwanangu." Mama aliongea polepole. "Nisikilize. Kunikumbuka si kosa. Mimi nakukumbuka kila siku. Lakini mbele yangu kuna kipimo cha mvuke, na nyuma yangu kuna watu wanaofanya kazi. Mshale ule ukipita mstari mwekundu bila mimi kuuona, kuna mtoto wa mtu hatarudi kwao. Kwa hiyo nakukumbuka, ila nakukumbuka macho yakiwa kwenye kipimo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Aliye mkononi mwako ndiye wa kwanza. Sisi wengine tutasubiri, wala hatutapungua. Na ukikosea, sema, hata kama kusema kutakunyima kitu unachokipenda. Wewe jana umenyimwa mwamba, lakini rafiki yako amekupa tena roho yake uishike. Hilo halipati mtu aliyenyamaza." Akacheka. "Kwa hiyo ulikuwa mweupe, eh?"

"Mweupe, mwepesi."

"Nilikuwa zamu. Na yule mwenzangu amepona, karudi jana hiyohiyo. Mwisho wa mwezi nakuja."

Simu ilipokatika, Twiga alibaki ameishika. Kisha akaenda kwenye meza ya kukatia, akafungua droo, akakitoa kile kipande cha sabuni. Alikifungua karatasi yote, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono. Vumbi la mwamba lilikuwa bado limejificha kwenye kucha. Povu lilijaa viganjani, na harufu ikaenea chumba kizima hadi kwenye nguo za wateja.

"Haa! Leo umeamua?" aliuliza mama mdogo.

"Itaisha tu," Twiga alisema, akiendelea kusugua. "Mama anakuja na nyingine."